Mamba wa Cavendish: Ernest Rutherford na Kazi ya Kulea Vipaji Vigumu

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii ya wahenga aghalabu hutajwa wazazi wanapozungumziwa, lakini inamhusu vilevile mwalimu wa chuo kikuu. Inamhusu zaidi yule anayekabidhiwa vijana wenye akili kali na tabia ngumu, katika taaluma ambamo kila mtafiti anakimbizana na wenzake awe wa kwanza kugundua jambo. Mwanafunzi wa aina hiyo huhitaji kuelekezwa na kuachiwa kwa wakati mmoja, na ni walimu wachache waliowahi kuujua mpaka wa mambo hayo mawili.

Ernest Rutherford anakumbukwa ulimwenguni kote kama mwanafizikia aliyefichua kiini cha atomi. Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, upo urithi wake mwingine ambao hautajwi sana katika vitabu vya shule. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake wakiwa wanafunzi au wasaidizi, watu 11 walikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Hawa hawakuwa kondoo watulivu waliofuata nyayo za mchungaji. Walikuwamo wabishi, wenye majivuno, wenye huzuni na wenye haraka. Makala haya yanasimulia jinsi mtu mmoja alivyowalea, mahali alipofaulu, na mahali alipokosea.

Mtoto wa Fundi

Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti 1871 karibu na mji wa Nelson, katika kisiwa cha kusini cha Nyuzilandi. Babake, James, alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na baadaye akajishughulisha na kitani. Mamake, Martha, alikuwa mwalimu. Wawili hao walijaliwa watoto 12, na Ernest alikuwa wa nne. Fedha za kumsomesha hazikuwapo, hivyo kila ngazi aliipanda kwa ufadhili alioupata kwa kushinda mitihani: kwanza Nelson College, kisha Canterbury College mjini Christchurch. Hata basari iliyompeleka Uingereza mwaka 1895 ilikuwa imetolewa kwanza kwa mtu mwingine. Huyo alipoiacha, ndipo ikamfikia kijana wa fundi wa magurudumu.

Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kimeanza kuwapokea watafiti waliohitimu katika vyuo vingine. Rutherford alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kupitia mlango huo. Baadhi ya wakufunzi wa maabara ya Cavendish walimtazama kwa dharau mgeni huyu aliyetoka koloni ya mbali. Mkuu wa maabara, J. J. Thomson, hakufanya hivyo. Alimwachia aendelee na utafiti wa mawimbi ya redio aliokuja nao kutoka kwao, akampima kwa kazi yake, na mwaka 1896 akamwalika washirikiane katika uchunguzi wa eksirei. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rutherford hakuusahau mlango ule, wala nyuso za wale waliomdharau. Alipokuja kuwa mkuu yeye mwenyewe, aliwafungulia wengi mlango kama ule.

Montreal na Manchester

Mnamo mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 27, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada. Huko alipata mwanafunzi wake wa kwanza wa shahada ya juu, naye alikuwa mwanamke, Harriet Brooks. Rutherford alimpigania apate nafasi ya kwenda kufanya utafiti Cambridge, akamwandikia barua za kumpendekeza kila alipohitaji, na alipofariki mwaka 1933, ni Rutherford aliyeandika taazia yake katika jarida la kisayansi.

Ni huko McGill pia alikokutana na Frederick Soddy, mkemia kijana kutoka Oxford aliyekuwa na ulimi mkali. Mwaka 1901 wawili hao walikabiliana hadharani katika mjadala. Soddy alishambulia wazo kwamba zipo chembe zilizo ndogo kuliko atomi, na alilishambulia bila kumwonea haya profesa. Mwalimu mwingine angeweka kinyongo. Rutherford alitambua kwamba mtu anayeweza kumbishia hivyo ndiye anayemfaa, maadamu yeye hakuwa na ujuzi wa kemia uliohitajika. Akamwomba washirikiane. Kufikia mwaka 1903 walikuwa wamethibitisha jambo ambalo wanasayansi wengi walilidhania kuwa ndoto ya waganga wa kale: kwamba atomi zenye mnururisho hubomoka zenyewe, na elementi moja hugeuka kuwa nyingine. Mwaka 1908 Rutherford alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Soddy naye alipata yake ya mwaka 1921.

Wakati huo Rutherford alikuwa amekwisha kuhamia Manchester, tangu mwaka 1907. Msaidizi wake Hans Geiger alimweleza kwamba kuna mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Ernest Marsden, ambaye amekomaa vya kutosha kupewa utafiti mdogo. Rutherford alipendekeza achunguze kama chembe za alfa zikirushwa kwenye bamba jembamba la madini zinaweza kurudi nyuma. Hakuna aliyetarajia jibu la ndiyo. Kijana wa miaka 20 aliketi gizani akihesabu vimulimuli kwenye kiwambo, na mwaka 1909 akaonyesha kwamba chembe chache, takriban moja katika kila 8,000, hurudi kweli. Kutokana na matokeo hayo, mwaka 1911 Rutherford alitangaza kwamba sehemu kubwa ya uzito wa atomi imejikusanya katika kiini kidogo mno. Jina la Marsden lilichapishwa pamoja na la Geiger katika ripoti ya jaribio, na baadaye Rutherford alimsaidia kupata kiti cha uprofesa mjini Wellington.

Tofauti na Marsden, aliyekuwa mtiifu, walikuwapo waliomjaribu mwalimu wao. Mwaka 1912 alifika Niels Bohr, kijana wa Denmark aliyekuwa hajapata alichokitafuta Cambridge. Rutherford hakuwa na imani kubwa na watu wa nadharia, na Bohr alikuwa mtu wa nadharia kutoka utosini hadi unyayoni, mwenye maneno mengi na mwendo wa polepole. Mwaka 1913 Bohr alimpelekea makala yake juu ya muundo wa atomi. Rutherford aliiona kuwa ndefu mno, akataka kuikata. Bohr alifunga safari kutoka Copenhagen hadi Manchester, akaketi na profesa jioni baada ya jioni, akitetea kila aya. Hatimaye Rutherford alisalimu amri, na makala ikachapishwa kama ilivyoandikwa. Makala hiyo ni miongoni mwa misingi ya fizikia ya kisasa. Laiti profesa angetumia mamlaka yake, ingekatwa.

Wa pili alikuwa Henry Moseley, kijana mwenye msimamo mkali aliyefanya kazi hadi usiku wa manane. Kati ya mwaka 1913 na 1914, kwa kutumia eksirei, alionyesha kwamba kila elementi ina nambari yake inayotokana na chaji ya kiini chake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijiandikisha jeshini, na tarehe 10 Agosti 1915 akauawa Gallipoli akiwa na umri wa miaka 27. Rutherford alisikitika mno. Aliandika kulaumu taifa ambalo lilikuwa limemtuma mtu wa kipaji kama hicho kwenye mahandaki, kazi ambayo wengi wangeweza kuifanya. Tangu hapo alijua kwamba mwalimu anaweza kulea kipaji hadi kikachanua, kisha dola ikakichukua kwa siku moja. Jambo hilo lilikuwa limrudie tena baada ya miaka 19, kwa sura nyingine.

Mamba na Mrusi

Mwaka 1919 Rutherford alirudi Cambridge kuwa mkuu wa Cavendish, akikalia kiti cha Thomson, mwalimu wake. Kila siku alizunguka maabarani, akisimama kwenye meza ya kila mtafiti na kuuliza kazi imefika wapi. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuvuruga vyombo, hata likatundikwa bango la kuwaomba watu wazungumze polepole. Kila mtu alijua bango hilo linamlenga nani. Alikuwa mwepesi wa hasira pia. Angefoka asubuhi, na baada ya muda angerudi kuomba radhi. Fauka ya hayo, alishikilia kwamba maabara ifungwe saa kumi na mbili jioni, kwa imani kuwa mtafiti asiyepata muda wa kutulia na kufikiri hafanyi kazi bali anahangaika tu.

Mwaka 1921 alibisha hodi Pyotr Kapitza, mhandisi kijana kutoka Urusi. Katika muda mfupi uliotangulia, maradhi yalikuwa yamemwua babake, mkewe na watoto wake wawili. Alikuja Uingereza na ujumbe wa kununua vifaa vya kisayansi, akaomba abaki Cavendish. Rutherford alimjibu kwamba maabara imejaa. Husimuliwa kwamba Kapitza alimwuliza kiwango cha makosa kinachoruhusiwa katika majaribio ya hapo. Alipoambiwa ni asilimia mbili au tatu, alieleza kwamba kati ya watafiti wapatao 30, mmoja zaidi hangeonekana. Profesa alicheka, akampokea.

Kapitza hakuwa mwanafunzi mwepesi. Alipenda mbwembwe, aliendesha gari kwa kasi, na alisema wazi mambo ambayo Waingereza waliyanyamazia. Mwaka 1922 alianzisha klabu ya mijadala iliyokutana kila wiki. Humo msemaji yeyote, awe profesa au mwanagenzi, angeweza kukatizwa na kuulizwa maswali ya kitoto au ya kikatili. Alimpachika Rutherford jina la Mamba. Kwa maelezo yake mojawapo, mamba hageuzi shingo kutazama nyuma, bali husonga mbele tu kinywa wazi. Mwenyewe Rutherford alilijua jina hilo, na hakulikataza.

Kazi ya Kapitza nayo ilikuwa ngeni Cavendish. Ilikuwa maabara ya vyombo vidogo vilivyounganishwa kwa kamba na nta, na Rutherford alijivunia kufanya makuu kwa fedha chache. Kapitza alitaka mashine. Alitengeneza mtambo ulioachilia umeme mwingi kwa sehemu ya mia ya sekunde ili kuzalisha nguvu za sumaku ambazo hazikuwahi kupatikana. Rutherford, aliyechukia kuombaomba fedha, alimwombea. Shirika la Royal Society lilitoa pauni 15,000, na mwezi wa Februari 1933 ikafunguliwa maabara mpya ya Mond kwa ajili ya kazi za Kapitza. Kwenye ukuta wake, mchongaji Eric Gill alikuwa amechonga mamba.

Mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka wa mavuno. James Chadwick, aliyekuwa na Rutherford tangu Manchester, aligundua nyutroni mwezi wa Februari 1932, chembe ambayo mwalimu wake aliibashiri miaka 12 kabla. Aliitangaza kwanza katika klabu ya Kapitza. Mwezi wa Aprili, John Cockcroft na Ernest Walton walivunja kiini cha lithiamu kwa mashine yao. Ushindani na maabara za Paris, Berlin na Marekani ulikuwa mkali, na kwa mwaka huo mmoja Cavendish ilikuwa mbele ya wote.

Fahali Wawili

Hata hivyo, mapenzi ya mwalimu yana gharama, na wanaoilipa mara nyingi ni wale waliokaa pembeni kimya. Chadwick alikuwa mtu mpole, mkavu wa maneno. Mwanzoni mwa vita alikuwa Berlin akisoma kwa Geiger, akashikwa na kuzuiliwa katika kambi ya Ruhleben hadi mwaka 1918. Yeye na Kapitza walikuwa marafiki, hata Kapitza alisimama naye siku ya harusi yake mwaka 1925. Lakini ni Chadwick aliyesimamia watafiti wa Cavendish siku baada ya siku, akiwagawia vifaa visivyotosha.

Mwishoni Chadwick aliomba jambo moja: ijengwe saiklotroni, mashine ya kuongezea chembe kasi ambayo Ernest Lawrence alikuwa ameivumbua Marekani. Aliona kwamba bila mashine hiyo, Cavendish itaachwa nyuma. Rutherford alikataa. Aliyemwombea Kapitza maelfu ya pauni hakutaka kumwombea msaidizi wake wa miaka mingi. Mwaka 1935 Chadwick alihamia Liverpool akajenga saiklotroni yake huko, na wiki chache baada ya kuhama akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1936 Rutherford alikubali msaada wa pauni 250,000 kutoka kwa tajiri wa magari Herbert Austin, na Cavendish ikapata saiklotroni. Chadwick alikuwa keshaondoka.

Patrick Blackett naye alikuwa ameondoka mwaka 1933. Huyu alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji aliyepigana Jutland kabla ya kuingia maabarani. Rutherford alimkabidhi chombo chenye mvuke ambamo chembe ipitapo huacha mstari kama wa ukungu. Blackett alipiga picha zipatazo 23,000. Katika picha nane tu alinasa kile kilichotafutwa, yaani atomi ya naitrojeni ikigeuzwa kuwa oksijeni. Mtu wa subira kama hiyo, aliyezoea kuamuru melini, hakuweza kuishi daima chini ya sauti ya mwingine. Fahali wawili hawakai zizi moja. Alipata Nobel mwaka 1948, akiwa mkuu wa watafiti wake mwenyewe.

Kosa la Rutherford lililo dogo kwa sura, lakini zito kwa aliyelitendewa, lilimpata Cecilia Payne. Kanuni za wakati huo ziliwalazimu wanawake kuketi safu ya mbele, na Payne alikuwa mwanamke peke yake darasani. Rutherford alikuwa akianza mhadhara kwa kumtazama yeye huku akiwasalimu mabibi kwa mkazo, na darasa zima la wanaume likapiga miguu sakafuni kwa kicheko. Ni Rutherford huyuhuyu aliyempigania Harriet Brooks, na ambaye mwaka 1920 alitia sahihi barua gazetini kuunga mkono wanawake wapewe uanachama kamili wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Payne alikwenda Marekani mwaka 1923. Miaka miwili baadaye, katika tasnifu yake, alionyesha kwamba nyota zimeumbwa hasa kwa hidrojeni na heliamu. Mzaha wa mwalimu, hata usipokuwa na nia mbaya, unaweza kumpeleka mwanafunzi mbali.

Mtihani wa Mwisho

Majira ya kiangazi mwaka 1934, Kapitza alikwenda Muungano wa Kisovieti kuwaona jamaa zake, kama alivyozoea. Safari hii serikali ilimkataza kurudi. Mkewe Anna aliruhusiwa kurudi Cambridge kwa watoto wao, naye Kapitza akabaki bila maabara, bila vyombo na bila kazi ya maana. Mashine zake zilikuwa zimelala ndani ya jengo la Mond, chini ya ulinzi wa mamba wa kuchongwa.

Rutherford alijaribu kila njia. Aliandika barua kwa balozi, akawaona wakubwa wa serikali ya Uingereza, akawahimiza wanasayansi wa nchi nyingine waseme. Wakati huohuo, tangu mwaka 1933, alikuwa akiongoza baraza lililowasaidia wanataaluma waliofukuzwa na serikali ya Hitler. Kwa Kapitza, milango yote ilifungwa. Habari zilizomfikia zilikuwa za kutisha: mwanafunzi wake alikuwa amevunjika moyo, na hakuwa akifanya kazi.

Njia mbili zilibaki. Ya kwanza ilikuwa kushikilia mashine, kwa matumaini kwamba bila hizo Wasovieti wangelazimika kumwachilia. Ya pili ilikuwa kuzitoa, na hapo kukubali kwamba Kapitza hatarudi tena. Mwaka 1935 Rutherford alichagua ya pili. Vyombo viliuzwa kwa serikali ya Kisovieti kwa pauni 30,000, vikapakiwa na kusafirishwa hadi taasisi mpya iliyojengwa Moscow. Akamwandikia Kapitza barua za kumhimiza aanze kazi upesi, kwani kazi ndiyo itakayomtoa katika huzuni. Zilikuwa barua za mtu aliyekwisha kumpoteza binti yake wa pekee, Eileen, mwaka 1930. Aliyajua maumivu ya kupoteza mtoto, na hakutaka kumpoteza huyu kwa namna nyingine iliyo mbaya zaidi.

Mnamo tarehe 19 Oktoba 1937, Rutherford alifariki baada ya upasuaji wa ngiri, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton. Mwezi wa Januari 1938, chini ya miezi mitatu baadaye, Kapitza alichapisha ugunduzi wake kwamba heliamu iliyopozwa mno hutiririka bila kizuizi chochote. Katika toleo hilohilo la jarida ilichapishwa habari kama hiyo kutoka kwa watafiti wawili wa jengo lile la Mond aliloliacha. Ilimbidi asubiri hadi mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 84, ndipo akapewa Tuzo ya Nobel. Mwalimu aliyepakia mashine masandukuni hakuishi kuyaona hayo.

Hitimisho

Maisha ya Rutherford hayampi mwalimu kanuni ya kufuata hatua kwa hatua. Alimshinda Bohr kwa cheo, akashindwa naye kwa hoja, na sayansi ikafaidika. Alimsikiliza Kapitza aliyepaza sauti, akachelewa kumsikiliza Chadwick aliyenong'ona. Alifungua milango kwa wageni kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgeni, lakini hakutambua kwamba mwanamke aliye peke yake katika safu ya mbele naye ni mgeni vilevile. Kwa hivyo mhadhiri anayetaka kujifunza kwake ayatazame yote mawili, na aanze kwa kuwatafuta wale wanafunzi wake ambao hawajasema neno. Naye mwanafunzi mwenye kipaji akumbuke kwamba nyuma ya kila mashine anayoitumia, huenda yupo mtu aliyejinyima ili imfikie.